Ngozi Iliyopotea Njia Ndani ya Sikio la Mtoto

Usaha wa sikio umezoeleka mno majumbani mwetu hata umekuwa kama kamasi: mtoto hupanguswa, hutiwa pamba, akapelekwa chuoni. Mara nyingi hali hiyo hupoa. Lakini liko sikio ambalo hutoa maji machache yenye uvundo mkali, yakakauka wiki mbili, kisha yakarudi, na mtoto halalamiki maumivu. Sikio hilo lisilouma ndilo tunalotaka kulizungumza, kwa kuwa huenda ndani yake mna kitu ambacho dawa ya matone haiwezi kukitoa.

Tumeombwa kulieleza jambo hili na mama mmoja, mzaliwa wa pwani aliyeolewa Endebess, kule chini ya Mlima Elgon, ukishapita Kitale. Mwanawe wa miaka saba ametokwa na usaha kwa muda mrefu. Amemtilia mafuta vuguvugu ya nazi kama alivyofunzwa na bibi yake, na maji ya kitunguu saumu kama walivyomshauri majirani. Hatimaye daktari amechungulia, akaona kitu cheupe juu ya kiwambo cha sikio, akamwandikia rufaa na kumtajia jina: kolesteatoma. Mawifi wamesema ni saratani. Mama mkwe amesema ni uchafu tu. Si hili wala si lile.

Jina hilo lilitungwa mwaka 1838 na Johannes Müller, mwanachuoni wa Kijerumani, kwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya nyongo, shahamu na uvimbe. Lina makosa matupu. Hamna nyongo ndani yake, shahamu si asili yake, wala si saratani inayosambaa mwilini. Ni ngozi. Ni ngozi ile ile ya kawaida, iliyokaa pahali pasipo pake.

Ili tufahamiane, na tutazame sikio lilivyoumbwa. Mfereji wa nje na uso wa nje wa kiwambo vimefunikwa kwa ngozi kavu. Nyuma ya kiwambo liko sikio la kati, chumba kidogo chenye hewa, nacho kimetandikwa utando laini wenye unyevu, mfano wa ule wa ndani ya pua. Humo mna mifupa mitatu midogo iliyoshikana, nyundo, fuawe na kikuku, inayopeleka mtikisiko wa sauti ndani zaidi.

Ngozi kavu daima huzaliwa chini ikafa juu. Seli za chini hugawanyika, hupanda, hujaa kitu kigumu kiitwacho keratini, ambacho ndicho kilichomo katika kucha na nywele, kisha hufa na kubanduka. Kwingineko mwilini magamba hayo huondoka kwa maji na kwa msuguano wa nguo. Ndani ya sikio Mwenyezi Mungu amejaalia hila nyingine: ngozi ya kiwambo hutembea yenyewe, kutoka katikati hadi ukingoni, kisha ikafuata mfereji hadi nje, kwa mwendo wa polepole kama ukucha unavyoota, ikibeba magamba na nta. (Ndiyo maana sikio zima halihitaji kijiti cha pamba, ingawa twajua maneno haya hayatasikizwa.)

Sasa tazameni jinsi mpango huu mzuri unavyoharibika. Hewa huingia sikio la kati kwa mrija unaotoka nyuma ya pua. Kwa mtoto mrija huo ni mfupi na umelala, na mafua ya mara kwa mara huuziba. Ukiziba muda mrefu, hewa iliyobaki hufyonzwa na kiwambo huvutwa ndani. Sehemu yake ya juu haina nyuzi imara kama sehemu nyingine, hivyo aghalabu ndiyo inayobonyea ikawa mfuko. Ngozi ya mfuko huendelea kuzaa magamba kama ilivyoamrishwa, lakini mdomo wa mfuko ni mwembamba, na magamba hayana pa kutokea. Hulimbikana tabaka juu ya tabaka mithili ya kitunguu, na mfuko ukazidi kupanuka. Pengine ngozi hupenya kwa tundu la kiwambo kilichotoboka.

Wako pia watoto wachache wanaozaliwa nayo. Mwaka 1986 Leslie Michaels wa London alieleza kwamba katika sikio la kati la mtoto aliye tumboni huwamo kipande kidogo cha ngozi, ambacho kwa desturi hutoweka kabla ya kuzaliwa. Wataalamu wengi huona kwamba kisipotoweka ndicho kinachokua. Mtoto huyo hana usaha, na kiwambo chake ni kizima; dalili yake ni kutosikia tu.

La kutisha zaidi liko pembezoni mwa mfuko. Bakteria hukaa ndani ya magamba mafu, ambamo damu haifiki, na dawa ya kumeza haifiki pia. Nyama inayouzunguka mfuko huvimba, ikatoa ishara za kikemikali zinazoziamsha seli ambazo kazi yake ya halali ni kuyeyusha mfupa mkongwe ili mpya ujengwe. Hapa huyeyusha bila kujenga. Aghalabu huanza na mguu mwembamba wa fuawe, na usikivu ukapungua. Ukiachwa, ugonjwa hufikia mshipa wa fahamu wa uso, mdomo ukaenda upande. Au kiungo cha mizani, mtoto akapata kizunguzungu. Au dari jembamba lililo chini ya ubongo, na hapo hufuata homa ya uti wa mgongo au jipu la ubongo. Kwa watoto mwendo wake huwa wa kasi kuliko kwa wakubwa.

Mwaka 1996 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa kwa watoto wa shule wa Kiambu wenye masikio ya usaha wa muda mrefu. Waliokaushwa masikio kisha wakatiwa dawa, nusu yao walikauka baada ya wiki 16. Waliokaushwa tu bila dawa hawakuwazidi wale wasiotibiwa kabisa. Kwa hiyo pamba peke yake haitoshi hata kwa usaha wa kawaida, na mafuta katika kiwambo kilichotoboka ni hatari. Penye ngozi iliyopotea njia, hata dawa hupunguza uvundo tu. Tiba ni upasuaji: mtoto hulazwa kwa dawa ya usingizi, na mfuko hutolewa wote, kwa kuwa chembe ya ngozi ikibaki huota upya. Ndiyo sababu madaktari hurudi kutazama tena, mara nyingi baada ya mwaka hivi. Wa Endebess hupitia Kitale, na huenda akapelekwa hospitali ya rufaa ya Moi, Eldoret. Safari hiyo isingoje mavuno ya mahindi.

Walimu wa chuo nao wana sehemu yao. Mtoto asiyepambanua *thaa* na *siin* asiitwe mvivu kabla sikio lake halijapimwa; naakae mbele, sikio zima likimwelekea mwalimu. Kuhusu udhu, kupaka masikio kwa kidole kilicholowa hakumwagi maji ndani. Anapokoga, sikio lizibwe kwa pamba iliyopakwa vaselini, kisha itolewe mara tu amalizapo.