Mtoto Afundishwaye Nyumbani na Haja Yake ya Wenziwe

Liko swali ambalo wazee wetu hawakuwa na haja ya kujiuliza, nalo leo limeingia katika nyumba nyingi za Waislamu, hasa za wenzetu waliohamia Ulaya na Marekani: je, yafaa mzazi amtoe mwanawe skuli na kumfundisha mwenyewe nyumbani? Zamani mtoto alikwenda chuoni asubuhi na ubao wake, akarudi akacheza na wenziwe mtaani, akatumwa dukani, na jioni akaketi karibu na wakubwa akisikiliza mazungumzo yao. Hapana aliyehitaji kupanga vipi mtoto atazoeana na watu. Leo mitaa imebadilika, na jambo lililokuwa likienda lenyewe sasa lahitaji nia na mpango.

Wako wasemao kwamba skuli huwafunza watoto matusi, uvivu wa sala na dharau kwa wazazi. Wako nao wasemao kwamba mtoto akaaye nyumbani daima hukua mwoga, asijue kusema na watu. Sisi twaona kila upande una sehemu ya haki, na yatupasa kulitazama jambo hili kwa utulivu.

Kwanza ni sheria, kwani nchi hazifanani. Katika Marekani, tangu mwaka 1993 kufundisha nyumbani kumeruhusiwa katika majimbo yote 50. Watoto wafundishwao hivyo walikadiriwa kuwa 850,000 mwaka 1999, na mwaka 2012 walikaribia 1,800,000. Katika Uingereza, sheria ya elimu ya mwaka 1996 yamtaka mzazi ahakikishe mtoto amepata elimu imfaayo, ama kwa kwenda skuli ama kwa njia nyingine. Ujerumani yakataza. Mwaka 2006 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, iliyoko Strasbourg, iliyakataa malalamiko ya wazazi wa Kikristo wa nchi hiyo waliotaka kuwasomesha watoto wao nyumbani kwa ajili ya dini yao. Hoja moja iliyozingatiwa ni kwamba skuli si mahali pa masomo tu, bali mtoto huzoea huko kuishi na watu wasiofanana naye. Katika Tanzania, Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, na katika Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, zamlazimu mzazi amwandikishe mtoto wake skuli. Mwenye nia na aulize kwanza sheria ya pale akaapo.

Na je, mtoto afundishwaye nyumbani hupungukiwa na adabu za kukaa na watu? Mwaka 1992, katika Chuo Kikuu cha Florida, mtafiti Larry Shyers aliwalinganisha watoto 70 wafundishwao nyumbani na 70 waendao skuli. Waliangaliwa walipokuwa wakicheza na kufanya kazi kwa makundi, na wale wa nyumbani wakaonekana kuwa na ugomvi na makelele machache zaidi. Khabari hii yapasa kuwatuliza wenye hofu, lakini isiwalevye wengine. Watoto sabini si watoto wote, na mzazi akubaliye mwanawe atazamwe na wataalamu si sawa na yule amfichaye.

Wanavyuoni wetu walilizungumza jambo hili kale. Ibn Sina, aliyezaliwa mwaka 980 na kufa mwaka 1037, katika kitabu chake cha siasa alishauri kwamba mtoto asome pamoja na watoto wengine wenye adabu njema. Hoja yake ni kwamba mtoto hupokea upesi kwa mtoto mwenziwe, na kwamba mwalimu na mwanafunzi mmoja peke yao huchoshana. Watoto wakiwa pamoja huzungumza, hushindana na hutembeleana, na kwa hayo tabia zao hutengenea. Naye mwenyewe alifundishwa nyumbani kwao Bukhara na mwalimu aliyekaribishwa na baba yake. Lakini baba huyo huyo alimpeleka kwa muuza mboga ili ajifunze hesabu za Kihindi. Basi nyumba haikuwa kifungo kwake.

Na tumtazame Luqman, katika sura iitwayo kwa jina lake. Ni baba amwaidhiaye mwanawe. Baada ya kumwamrisha sala na subira, amkataza kuwageuzia watu uso kwa kiburi, na amwamrisha aende mwendo wa kati na ashushe sauti yake. Hayo ni mafunzo ya baba kwa mwana, na sehemu kubwa yake ni namna ya kuwa mbele za watu.

Mama aweza kumfundisha mwanawe kusoma na kuhesabu, bali ni vigumu kumfundisha kushindwa, kwa sababu mapenzi humfanya amwachie. Katika mchezo wa gololi mtoto hungoja zamu yake, na akidanganya wenziwe humfukuza mpaka aombe radhi. Somo hili latoka kwa wenziwe.

Kwa hiyo, wenye kufundisha nyumbani twawanasihi haya. Nyumba mbili au tatu zishirikiane, watoto wasome pamoja baadhi ya siku. Mtoto aende madrasa, acheze mpira, atumwe dukani na kurudi na chenji kamili, aamkie wazee, atembelee wagonjwa, na ajue majirani hata wasio wa dini yake. Baba naye asimwachie mama mzigo wote. Na mtoto akianza kujificha kila wageni wajapo, au akose hata rafiki mmoja, wazazi wasione aibu kubadili njia.

Nanyi mpelekao skuli, msidhani mmemaliza. Mtoto aweza kukaa katikati ya wenzi arubaini naye ni mpweke, au akawa anaonewa kila siku na kunyamaza. Muulizeni jioni, si alama alizopata tu, bali alicheza na nani na nani alimliza.

Wazee walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ni kweli, lakini hata aliyefunzwa vyema na mamaye ataishi ulimwenguni, na yatupasa tumzoeze kukaa na watu angali mdogo, nasi tungali karibu naye.