Mkazi Anapopinga Sheria Ndogo: Mfano wa Sigara za Kielektroniki

Halmashauri nchini zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo kwa ajili ya afya, usafi na utulivu wa wakazi wake. Mamlaka hayo yanatokana na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287, na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Sura ya 288, zote za mwaka 1982. Kwa mamlaka hayo hutungwa sheria ndogo za usafi wa mazingira, za masoko, za minada na za ushuru. Jambo ambalo wakazi wengi hawalifahamu ni kwamba utaratibu huohuo unampa mkazi nafasi ya kupinga rasimu kabla haijapata nguvu ya sheria.

Makala haya yanaeleza nafasi hiyo kwa kutumia mfano mmoja: katazo la kutumia sigara za kielektroniki hadharani. Mfano huu unafaa kwa sababu mawazo ya watu wema yanatofautiana juu yake. Yupo mzazi asiyetaka mwanawe aone kifaa hicho kikivutwa kituo cha mabasi cha Nyegezi. Yupo pia mtu mzima aliyeacha sigara ya kawaida kwa msaada wa kifaa hicho, naye anahofia kutozwa faini akiwa amesimama peke yake ufukweni. Wote wawili ni wakazi, na wote wana haki ya kusikilizwa.

Kifaa chenyewe

Sigara ya kielektroniki ni kifaa chenye betri kinachopasha moto kimiminika mpaka kiwe mvuke, nao mvuke huo ndio unaovutwa. Mara nyingi kimiminika hicho huwa na nikotini, vionjo na kemikali za kutengenezea mvuke. Aina iliyoenea leo ilibuniwa nchini China mwaka 2003 na mfamasia Hon Lik. Kwa kuwa hakuna kitu kinachoungua, mvuke huo hauna lami wala hewa ya kaboni monoksaidi kwa kiwango kilichomo katika moshi wa tumbaku. Hata hivyo, si mvuke wa maji matupu. Nikotini hujenga uraibu, na vipimo vimeonyesha kuwamo kwa chembe ndogo sana na metali zitokazo katika kifaa chenyewe.

Sheria iliyopo

Tanzania inayo Sheria ya Udhibiti wa Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003. Sheria hiyo inakataza kumuuzia bidhaa za tumbaku mtu mwenye umri chini ya miaka 18, na inaweka mipaka ya uvutaji katika maeneo ya umma. Mwaka 2007 nchi iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Udhibiti wa Tumbaku. Sheria ya 2003 ilitungwa mwaka uleule ambao kifaa hiki kilikuwa kinabuniwa, na imejengwa juu ya tumbaku. Kwa hiyo swali la kwanza ambalo mwanasheria wa halmashauri hana budi kulijibu, pale rasimu ya aina hii inapoletwa, ni iwapo kimiminika kisicho na jani la tumbaku kinaingia katika tafsiri ya sheria mama, au kinahitaji kifungu chake chenyewe.

Swali hilo si la wanasheria peke yao. Ibara ya 13(6)(c) ya Katiba inakataza kumwadhibu mtu kwa tendo ambalo halikuwa kosa kisheria wakati lilipotendwa. Tamko la kiongozi huonyesha mwelekeo wa Serikali, lakini adhabu huhitaji sheria iliyoandikwa, iliyopitishwa kwa utaratibu na inayosomeka kwa yule anayetakiwa kuitii.

Funzo kutoka nchi jirani

Nchi mbili zinazotumia Ziwa Victoria pamoja na Tanzania zimepita katika njia hii, na matokeo yao yanatofautiana.

Uganda ilitunga Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Mei 2016. Sheria hiyo inapiga marufuku sigara za kielektroniki na shisha, na inakataza kuvuta tumbaku ndani ya mita 50 kutoka maeneo ya umma. Ni sheria kali, nayo ilipingwa mahakamani na kampuni ya British American Tobacco Uganda. Mwaka 2019 Mahakama ya Katiba ya Uganda iliyatupa malalamiko hayo, na sheria ikabaki. Ilikuwa imejadiliwa na kupitishwa na Bunge.

Kenya ilipiga marufuku shisha Desemba 2017 kwa kanuni zilizotolewa na Waziri wa Afya. Wafanyabiashara walikwenda mahakamani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu haikulifuta katazo, bali iliona kasoro katika utaratibu na kuipa Serikali miezi tisa kuirekebisha. Marekebisho hayo hayakufanyika. Januari 2024 mahakama ya Shanzu, Mombasa, iliwaachia huru watu 48 walioshtakiwa kwa makosa ya shisha, kwa kuwa kanuni hizo hazikuwa zimepelekwa Bungeni kama ilivyotakiwa.

Funzo la matukio haya haliko katika ubaya au uzuri wa shisha. Katazo lililopita hatua zake zote lilistahimili kesi ya kampuni kubwa. Katazo lililoruka hatua lilishindwa kusimama mbele ya hakimu, na miaka sita ya kukamata watu ikaishia kwa kuwaachia. Anayetaka katazo na anayelipinga wote wana sababu ya kutaka utaratibu ufuatwe.

Hoja za pande mbili

Wanaounga mkono katazo wanasema kwamba asiyevuta hakuchagua kuvuta mvuke wa mwenzake, na kwamba vionjo vya matunda na peremende huwavutia watoto. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi kuchukua hatua za haraka. Lilieleza kuwa nchi 34 zilikuwa zimepiga marufuku uuzaji wa vifaa hivi, nchi 88 hazikuwa na umri wa chini wa kununua, na nchi 74 hazikuwa na udhibiti wowote.

Wanaopinga katazo la jumla huleta hoja tatu. Ya kwanza ni ya kipimo. Mvuke ndani ya daladala iliyojaa au ndani ya chumba cha abiria cha kivuko si sawa na mvuke wa mvuvi aliyesimama peke yake kando ya mtumbwi alfajiri katika mwalo wa Igombe. Sheria inayoyaweka matendo hayo mawili katika kosa moja na faini moja inahitaji kueleza sababu.

Ya pili ni ya wanaoacha sigara. Moshi wa tumbaku unaua watu zaidi ya milioni 7 duniani kila mwaka. Nchini Uingereza huduma ya afya ya taifa inakitambua kifaa hiki kuwa moja ya njia za kuwasaidia watu wazima kuacha sigara. Nchi hiyohiyo, kuanzia tarehe 1 Juni 2025, ilikataza uuzaji wa vifaa vya kutumika mara moja na kutupwa. Mfano huo unaonyesha kwamba inawezekana kudhibiti kinachowavuta watoto bila kumrudisha mtu mzima kwenye moshi alioukimbia.

Ya tatu ni ya utekelezaji. Mgambo hawezi kutambua kwa macho iwapo kifaa kina nikotini au hakina. Kifungu kisichoeleweka humwachia msimamizi nafasi ya kuamua apendavyo, na mzigo huo humwangukia zaidi mkazi asiyejua haki zake.

Kuleta hoja hizi si kutetea uvutaji wa watoto wala kuidharau afya ya umma. Mkazi anaweza kuunga mkono katazo shuleni, hospitalini, ndani ya vyombo vya usafiri na ndani ya ofisi, huku akipinga katazo linaloenea hadi kila mahali palipo wazi.

Pingamizi linaingia wapi

Sheria ndogo ya halmashauri huanza na rasimu, ambayo huandaliwa na wataalamu na kujadiliwa katika kamati za kudumu. Kisha halmashauri hutoa tangazo la kusudio la kutunga sheria hiyo, na wakazi hupewa muda wa kuleta maoni na pingamizi. Baada ya hapo rasimu huenda katika Baraza la Madiwani. Ikipita, hupelekwa kwa Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa kwa idhini, na hatimaye hutangazwa katika Gazeti la Serikali.

Sheria ndogo za kijiji zina njia yake. Halmashauri ya Kijiji huitisha Mkutano Mkuu wa Kijiji ili kupata maoni ya wanakijiji wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, kisha hupeleka mapendekezo kwa Halmashauri ya Wilaya yakapate idhini. Anayekosa mkutano huo hupoteza nafasi ya kusema mbele ya majirani zake, ambao ndio watakaoishi chini ya sheria hiyo pamoja naye.

Hatua ya tangazo ndiyo mlango mpana zaidi kwa mkazi. Matangazo hubandikwa katika mbao za ofisi za kata, vijiji na mitaa, na watu wengi huyapita bila kuyasoma. Muda ukikwisha pasipo barua hata moja, Baraza huwa na haki ya kudhani kwamba wakazi wameridhia.

Pingamizi lenye uzito

Barua ya pingamizi haihitaji wakili wala lugha ngumu. Inatakiwa kuwa na jina na anwani ya mwandishi, jina la rasimu, na namba ya kifungu kinachopingwa. Ieleze sababu na madhara yatakayompata mkazi, kisha ipendekeze maneno ya kuwekwa badala yake. Barua inayosema tu kwamba sheria ni mbaya haimpi diwani kitu cha kufanyia kazi. Inayosema kwamba kifungu fulani kiishie kwenye majengo, vyombo vya usafiri na umbali uliotajwa kutoka shule humpa hoja ya kuisimamia katika Baraza.

Barua iandikwe nakala mbili na kupelekwa kwa Mkurugenzi Mtendaji, moja kwa moja au kupitia ofisi ya Mtendaji wa Kata. Nakala ya mkazi igongwe muhuri wa kupokelewa na kuandikwa tarehe. Muhuri huo ni ushahidi kwamba pingamizi lilifika ndani ya muda. Mkazi asiyejua kuandika anaweza kueleza pingamizi lake kwa Mtendaji na likaandikwa kwa niaba yake, akasomewa, kisha akaweka dole gumba. Wakazi wenye hoja moja wanaweza kuandika barua moja na kuitia saini wote.

Sheria inapokwisha kupita

Sheria ndogo ikishatangazwa inamfunga kila mtu, pamoja na yule aliyeipinga. Mkazi huyo bado anaweza kumwomba diwani wake apeleke hoja ya marekebisho. Akiamini kuwa sheria ndogo inapingana na sheria ya Bunge, au kwamba hatua iliyoamriwa ilirukwa, anaweza kwenda Mahakama Kuu. Sheria ndogo inayopingana na sheria ya Bunge hukosa nguvu kwa kiasi kile kinachopingana.

Anayetozwa faini yoyote ya halmashauri anayo haki ya kuonyeshwa kifungu alichokivunja. Malipo yafanyike kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali, na mlipaji apewe stakabadhi. Fedha isiyo na stakabadhi haiingii katika mfuko wa halmashauri.

Mkazi anayetaka kujua ni sheria ndogo zipi zinatumika mahali anapoishi, au kama ipo rasimu inayosubiri maoni, aulize katika ofisi ya Mtendaji wa Kata au Mtendaji wa Kijiji. Kama tangazo limebandikwa, asome kwanza tarehe ya mwisho ya kupokea maoni, kisha aandike barua yake kabla ya siku hiyo kupita.