Fidia Isiyowafikia Waliobaki

Kimbunga Katrina kilipoipiga New Orleans mwaka 2005, ukuta wa mfereji wa 17th Street ulibomoka na maji yakafurika mitaani. Serikali kuu ya Marekani ilipoanza kuimarisha kingo ilihitaji njia ya kuufikia mfereji huo, ikachukua nyumba 14 kati ya 58 za mtaa wa Mariner's Cove. Shauri lililofika mahakamani lilihusu mzigo walioachiwa wenye nyumba 44 zilizobaki.

Mitaa ya namna hii huendeshwa na chama cha wamiliki. Anayenunua nyumba hufungwa na masharti ya mtaa kuchangia matunzo ya vitu vya pamoja, na wajibu huo humwangukia kila anayemfuata. Tuchukulie matunzo yanagharimu dola 58,000 kwa mwaka, yaani dola 1,000 kwa kila nyumba. Zikiondoka 14 na gharama ikabaki ileile, kila nyumba itadaiwa takriban dola 1,318. Chama kiliidai serikali fidia ya michango iliyopotea. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Tano ilikataa: haki ya kukusanya michango haishikamani na ardhi yenyewe kiasi cha kulipiwa. Mahakama ilihofia pia kwamba watu wangeweza kuandikiana mikataba ikapandisha gharama ya miradi ya umma.

Hofu hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Kwa kawaida masharti haya huwekwa mtaa unapoanzishwa, hayabuniwi serikali ikishabisha hodi. Wenye nyumba 44 hawakufanya kosa lolote. Usalama wa mji mzima umeongezwa kwa pesa zao. Huko California, mwaka 1973, Mahakama ya Juu ya jimbo iliamua kwamba jirani anayeharibiwa haki yake ya kuzuia ujenzi usioruhusiwa na masharti ya mtaa alipwe, ingawa kiwanja chake hakikuguswa. Naona huo ndio uamuzi wenye haki.

Kinapotwaliwa kipande cha bustani au barabara ya pamoja, mambo huwa mepesi kidogo. Sheria ya mfano ambayo baadhi ya majimbo yameifuata inaelekeza fidia ilipwe kwa chama. Hata hapo bodi ya chama isikubali bei ya udongo peke yake. Barabara kuu ikipita palipokuwa na miti, nyumba za jirani hushuka thamani, na hasara hiyo idaiwe kabla ya kutia saini, kwa tathmini ya mthamini ambaye chama kimemwajiri chenyewe.