Kijana Mwenye Homa ya Baridi Yabisi: Maisha kati ya Sindano na Sindano

Jina la ugonjwa huu hupotosha. Katika kata ya Ikuti, wilayani Rungwe, kwenye nyanda za juu zenye mvua nyingi na asubuhi za ubaridi, mzazi aambiwaye kuwa mwanawe ana homa ya baridi yabisi aweza kudhani kwamba kinga ni sweta nzito na kutonyeshewa. Sweta haina ubaya, lakini ugonjwa hausababishwi na baridi. Hutanguliwa na maambukizi ya koo yaletwayo na bakteria aina ya streptokokasi. Wiki 2 au 3 baadaye, kinga ya mwili iliyoamshwa na bakteria hao huugeukia mwili wenyewe. Magoti na vifundo vya miguu huvimba kwa zamu, na moyo huweza kuathirika. Uvimbe wa viungo hupona. Makovu kwenye vali za moyo huweza kubaki. Waathirikao zaidi ni wenye umri wa miaka 5 hadi 15.

Kila shambulio jipya laweza kuongeza makovu. Kwa sababu hiyo mgonjwa huchomwa benzathini penisilini kila baada ya wiki 3 au 4: yuniti milioni 1.2 kwa walio wengi, na nusu yake kwa mtoto mwenye uzito mdogo. Ikiwa moyo haukuguswa, sindano huendelea kwa miaka 5 au hadi umri wa miaka 21, kwa kufuata muda ulio mrefu zaidi. Ikiwa vali zimebaki na hitilafu, huweza kufika umri wa miaka 40, au hata maisha yote.

Ugumu wenyewe ni kwamba kijana huyu hajisikii mgonjwa. Analima viazi, anacheza mpira, anapanda mlima bila kuhema. Sindano huonekana kama adhabu isiyo na kosa, na mara nyingi huachwa pale anapohama nyumbani: kwenda shule ya bweni, au kutafuta kazi Mbeya ama Dar es Salaam. Kabla hajaondoka, apewe barua na kadi yenye jina la dawa, kipimo chake na tarehe ya sindano ya mwisho. Ni vema pia ayajue hayo kwa kichwa, maana kadi hupotea.

Wiki 4 si mwezi. Mwaka una sindano 13, si 12, na dawa hupungua mwilini kadiri siku zinavyosogea. Aliyeanza Jumanne ashike Jumanne, hesabu haitampotea.

Sindano hii inauma, na kulikana jambo hilo mbele ya kijana ni kumfukuza kliniki. Mtoa huduma aulize kwanza kuhusu mzio wa penisilini, amlaze mgonjwa, aiache dawa itoke kwenye ubaridi wa jokofu, kisha aisukume taratibu. Kuichanganya na lidokeini, kwa kufuata mwongozo, hupunguza maumivu.

Michezo hairuhusiwi wakati wa shambulio lenyewe. Baadaye, mwenye vali nzima hana sababu ya kukaa pembeni. Mwenye vali zilizoharibika afuate ushauri wa daktari baada ya kupimwa moyo kwa mawimbi ya sauti. Koo likiuma, aende zahanati hata kama anachomwa sindano. Meno yapigwe mswaki kila siku, kwa kuwa bakteria wa kinywani huweza kuingia kwenye damu na kushambulia vali zenye makovu. Msichana mwenye tatizo la vali amwone daktari kabla ya kubeba mimba, kwani ujauzito huuongezea moyo kazi. Sindano za penisilini haziachwi kwa sababu ya mimba.

Upasuaji wa vali hufanyika katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka Ikuti. Kijana anayeanza kuhema kwa kazi ndogo, anayelala kwa mito miwili au mitatu, au ambaye miguu yake inavimba, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo bila kungoja tarehe ya kliniki.