Kwa nini gobore hupiga leo na kugoma kesho

Wakulima wa Chiungutwa, na wenzao wa vijiji vingine vya Masasi na Newala, wanajua hasara ya usiku mmoja wa nguruwe pori. Shamba la muhogo lililopaliliwa miezi kadhaa linafukuliwa hadi alfajiri. Mchana wanakuja nyani na ngedere. Ndiyo maana baadhi ya watu bado wanategemea gobore, bunduki ya kushindilia baruti kwa mdomo wa mtutu.

Lalamiko la kawaida kuhusu silaha hiyo ni kwamba haitabiriki. Mtu ni yuleyule na baruti ni ileile, lakini leo mlio ni mkubwa na bega linauma, kesho inakohoa tu, na keshokutwa hailii kabisa. Wengi hudhani dawa ni kuongeza baruti. Katika makala hii tunaeleza kwa nini dhana hiyo imekata vidole na kupofusha macho ya watu.

Kinachotokea ndani ya mtutu

Baruti ikiwaka inageuka kuwa gesi ya moto. Gesi hiyo inatafuta pa kutokea, na inasukuma risasi au goroli iliyo mbele yake. Ndani ya mtutu wa gobore, msukumo huo unaweza kuzidi mara 100 ya upepo ulio ndani ya tairi la pikipiki, na unafika hapo kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Mtutu uliotengenezwa kiwandani hupimwa kwa ajili ya nguvu hiyo. Bomba la maji limetengenezwa kupitisha maji tu. Fundi akiligeuza kuwa mtutu, linaweza kustahimili mara ya kwanza na ya kumi huku likipata nyufa zisizoonekana. Siku likipasuka, hupasukia karibu na uso na mkono wa aliyelishika.

Sababu za matokeo kubadilika

Ya kwanza ni unyevu. Baruti nyeusi ikihifadhiwa vibaya hunyonya unyevu wa hewa, na masika yetu yana unyevu wa kutosha. Baruti yenye unyevu huwaka polepole au hukataa. Aliyezoea kuongeza kipimo wakati wa mvua akisahau kukipunguza wakati wa jua, amejitegea mtego mwenyewe.

Ya pili ni ukubwa wa chembe. Chembe ndogo huwaka haraka kuliko kubwa. Viganja viwili vinavyolingana kwa macho vinaweza kutoa nguvu tofauti kabisa, na baruti ya kienyeji haifanani fungu hadi fungu.

Ya tatu ni masizi. Kila mlio huacha uchafu unaoganda ndani ya mtutu, unaovuta unyevu na kula chuma. Njia inazidi kuwa nyembamba, na msukumo unaongezeka hata kama kipimo hakikubadilika.

Ya nne ni ushindiliaji. Goroli isipofika chini kabisa ikagusa baruti, nafasi iliyobaki katikati inaifanya kuwa kama kizibo. Hapo mtutu unaweza kupasuka hata kwa baruti kidogo.

Ya tano ndiyo mbaya zaidi: gobore halikulia, mtu akadhani ni tupu, akashindilia mzigo wa pili juu ya wa kwanza.

Hata wenye mizani hukosea

Katika nchi kama Marekani, wapo wapiga shabaha wanaojaza upya maganda ya risasi za bastola nyumbani, na sheria inawaruhusu. Wana mizani za kupima sehemu ndogo sana za gramu, vitabu vya vipimo na vifaa vya kupima mwendo wa risasi. Pamoja na hayo yote, matokeo yao nayo hubadilika.

Sababu ni udogo wa vipimo. Risasi ya kawaida ya bastola ya milimita 9 hubeba baruti ya takriban theluthi moja ya gramu, karibu uzito wa punje moja ya mahindi. Punje hiyo moja huweza kuzaa msukumo unaokaribia mara 1,000 ya upepo wa tairi la pikipiki. Tena, aina nyingi za baruti ya bastola hujaza sehemu ndogo tu ya ganda, kwa hiyo ganda linaweza kumeza kipimo maradufu bila jicho kutambua.

Kanuni yao mojawapo ni hii: milio ikianza kutofautiana, acha kupiga. Hawaongezi baruti kwanza ili waone itakuwaje. Kama mwenye mizani anasimama, anayepima kwa kiganja ana sababu kubwa zaidi ya kusimama.

Hata wazee wetu waliijua tofauti hii. Mwaka 1905, wapiganaji wa Majimaji waliokuwa na magobore walikabili bunduki na bombomu za Wajerumani zilizotumia risasi za kiwandani zenye kipimo kimoja. Ujasiri wao haukuwa mdogo, ila silaha hazikulingana.

Silaha isipolia

Mlio unaweza kuchelewa, kwa sababu moto huweza kufuka ndani kabla ya kuifikia baruti yote. Yeyote aliye karibu na silaha iliyokataa kulia azingatie haya:

• Mdomo wa mtutu ubaki umeelekea mahali pasipo na mtu wala nyumba.
• Usichungulie ndani ya mtutu, usiuchokoe wala kuusogeza karibu na moto.
• Subiri angalau dakika mbili bila kugusa chochote.
• Usishindilie tena. Waondoe watoto, kisha toa taarifa polisi. Usiibebe kuipeleka kituoni ikiwa na mzigo ndani.

Mtu akijeruhiwa, funga kitambaa safi na ukandamize panapotoka damu, kisha awahishwe kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali ya Mkomaindo au ya Ndanda. Wapo wanaokaa na jeraha nyumbani kwa kuogopa maswali ya polisi. Jeraha la baruti huingiza uchafu ndani ya nyama, na kuchelewa huweza kugharimu mkono au maisha.

Sheria inasemaje

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka kila mwenye silaha awe na leseni, na gobore halijaachwa nje. Kutengeneza silaha au risasi bila kibali ni kosa, hata kama lengo ni kulinda shamba.

Mlango wa kujisalimisha upo. Umoja wa Afrika umeutenga mwezi Septemba kuwa mwezi wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha haramu. Serikali yetu imewahi kutoa nafasi hiyo. Mwenye gobore la urithi azungumze na mwenyekiti wa kijiji, mtendaji au polisi kata kabla ya kulisogeza popote, aulize utaratibu wa wakati huo.

Na shamba je?

Nguruwe hawasubiri sheria, tunalijua hilo. Kuamia kwa zamu bado kunasaidia: majirani wenye mashamba yaliyopakana wanajenga madungu, wanagawana usiku, wanatumia mbwa, moto na madebe. Kusafisha vichaka pembeni mwa shamba kunawanyima wanyama maficho. Uharibifu ukizidi, kijiji kipeleke taarifa kwa maandishi kwa afisa wanyamapori wa wilaya, ambaye anaweza kuomba askari wenye silaha halali.

Njia hizi zinachosha, na pengine muhogo kidogo utaliwa. Lakini muhogo hupandwa tena msimu ujao. Jicho halipandwi.