Mapanki na Mganda: Ukweli katika Filamu na katika Ngoma

Filamu ya hali halisi huonyesha watu na mahali palipo. Hata hivyo, mtengenezaji ndiye achaguaye kipi kionekane na kipi kiachwe. Mfano ulio karibu nasi ni Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, iliyotolewa mwaka 2004, kuhusu biashara ya sangara mjini Mwanza. Humo minofu husafirishwa Ulaya, nayo mapanki, yaani vichwa na mifupa ya samaki, hubaki kwa wenyeji. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliipinga hadharani. Mapanki yalikuwapo; kilichobishaniwa ni maana yake: ni chakula cha watu ama cha mifugo?

Tuutazame sasa mwambao wa Ziwa Nyasa, Liuli na Mbamba Bay, hadi milima ya Mbinga. Mganda, ngoma yenye nasaba na beni, huchezwa kwa safu mithili ya gwaride la askari. Wimbo wake nao huchagua: humsifu huyu, humsuta yule. Ila husuta mbele ya wanaoyajua mambo, na kikundi cha jirani chaweza kujibu kwa wimbo wake. Wavuvi wa Mwanza hawakuwa na uwanja wa namna hiyo katika majumba ya sinema ya Ulaya.

Basi mwanafunzi wa Kiswahili achambuapo filamu kama hiyo, ayasikilize kwanza maneno ya walioonyeshwa, kabla ya kusoma tafsiri iliyoandikwa chini ya picha. Hapo ndipo jibu lao lilipo.