Mali na Anasa za Matajiri wa Pembe: Kasongo na Kabambare (Sehemu ya Pili)

Utajiri wa mfanyabiashara wa Kasongo, mashariki mwa Kongo ya leo, katika karne ya 19 ulianza na deni. Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliingia bara na bidhaa alizokopeshwa na matajiri wa Kihindi wa Unguja, Taria Topan akiwa wa mbele miongoni mwao. Alichukua merikani, shanga, bunduki na baruti. Malipo yalikuwa pembe za ndovu. Safari yake kubwa ilianza mwaka 1870, na Unguja hakuiona tena hadi 1882. Mkopeshaji alihitaji subira ya kweli.

Lango la Maniema, eneo ilipo Kasongo, lilikuwa Kabambare. Misafara iliyovuka Ziwa Tanganyika kutoka Ujiji ilipitia hapo kabla ya kufika Kasongo, kisha Nyangwe kwenye mto Lualaba. Msafiri David Livingstone alifika Kabambare Septemba 1869 pamoja na kundi la mfanyabiashara Muhamad Bogharib, na akakaa huko miezi mingi akiuguza vidonda vya miguu. Wafanyabiashara walikuwa wamemiminika Maniema kwa sababu moja: pembe iliyopatikana huko kwa shanga chache au vikuku vya shaba iliuzwa pwani kwa bei kubwa mno.

Tajiri alijulikana kwanza kwa mavazi. Msafiri Henry Morton Stanley alipokutana na Tippu Tip karibu na Kasongo, Oktoba 1876, alimkuta katika nguo nyeupe zisizo na doa, tarbushi mpya, na jambia lililonakshiwa kwa nyuzi za fedha. Kuvaa nguo safi namna hiyo katikati ya bara, miezi mingi ya mwendo kutoka pwani, kulikuwa tangazo la uwezo.

Maelezo kamili zaidi ya nyumba za matajiri hao yaliandikwa na adui yao. Sidney Hinde, daktari Mwingereza katika jeshi la Dola Huru ya Kongo, aliingia Kasongo na kikosi cha Francis Dhanis kilichouteka mji huo tarehe 22 Aprili 1893. Askari wa kawaida walijikuta wakilala juu ya magodoro ya hariri, katika vitanda vya kuchonga vyenye vyandarua. Palikuwa na mishumaa, sukari, viberiti, bilauri na vikombe vya fedha. Maghala yalijaa mchele, mahindi na kahawa. Bustani zilikuwa na machungwa, mapera, makomamanga, mananasi na maembe. Pembe zilizotekwa alizikadiria kuwa tani 25.

Anasa hizo zilikuwa za aina mbili, na zote zilitoka mgongoni mwa watu. Bilauri na sukari zilitoka pwani, zaidi ya kilomita 1,000, juu ya vichwa na mabega ya wapagazi, huku ziwa likivukwa kwa majahazi na mitumbwi. Chupa moja iliyofika nzima ilikuwa imelindwa kila siku ya njia. Mchele na matunda vililimwa papo hapo, na waliolima, wengi wao, walikuwa watumwa waliotekwa katika vijiji vya Maniema yenyewe. Ukatili wa biashara hiyo ulionekana waziwazi sokoni Nyangwe tarehe 15 Julai 1871, watu wa wafanyabiashara walipowafyatulia risasi wanawake waliokuja kuuza bidhaa zao. Mamia walikufa, wengine wakizama Lualaba wakikimbia. Kuieleza hariri ya Kasongo bila watu hao ni kusema nusu ya habari.

Utajiri huo haukudumu. Sefu, mwana wa Tippu Tip aliyeshika Kasongo baada ya baba yake kuondoka, aliuawa vitani Oktoba 1893, na Kabambare ikaanguka Januari 1894. Mji wa zamani wa Kasongo, Tongoni, uliachwa. Kilimo cha mpunga kilibaki, na hadi leo Kasongo hula na kuuza mchele wake. Tippu Tip mwenyewe alikufa Unguja tarehe 13 Juni 1905.

Sehemu ya tatu itaeleza njia ya Kabambare hadi ziwani na maisha ya wapagazi.